Boksi la pakiti 24: tulipohesabu nyuso tukasahau vifuniko

## Usuli

Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya bweni mkoani Mbeya. Shule, kikundi na watu waliohusika sitawataja. Vipimo ni vilevile tulivyoviandika daftarini.

Tulikuwa kwenye sura ya kalkulasi inayohusu kutafuta thamani kubwa kabisa na ndogo kabisa. Kila anayefundisha sura hiyo analijua swali la boksi: umepewa ujazo, tafuta vipimo vitakavyotumia karatasi kidogo kuliko vyote. Siku hiyo mwanafunzi mmoja, nitamwita Binti wa Mbozi, aliinua mkono akasema mama yake mdogo yuko kwenye kikundi cha akina mama kinachokaanga na kusaga kahawa, na kwamba kila wakikutana kilio chao ni gharama ya maboksi. Kahawa ni yao, kinu ni chao, hata mifuko ya pakiti wanainunua kwa jumla. Boksi peke yake ndilo linalokula faida.

Niliona nafasi ambayo mwalimu hapewi kila mwaka. Nikampigia simu mama huyo, nikamwamkia, nikamweleza tunachotaka. Akacheka kwa furaha. "Mwalimu, njooni. Mkilipunguza hilo boksi mtakuwa mmetulipia ada ya mtoto."

Kikundi kinauza pakiti za gramu 250, pakiti 24 kwa boksi. Tulipima pakiti ikiwa imejaa, tukaongeza milimita chache za nafasi, tukapata upana sentimita 8, unene 6 na kimo 15. Boksi walilokuwa wakitumia lilikuwa bapa: pakiti zimesimama safu moja, 4 kwa upande mmoja na 6 kwa mwingine, yaani 32 kwa 36, kimo 15. Boksi hilo lina vifuniko vinne juu na vinne chini, vinakunjwa na kufungwa kwa selotepu. Anayeyakata ni fundi mmoja wa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Hununua shiti za karatasi ngumu ya mawimbi zenye sentimita 105 kwa 200, naye anatoza kwa shiti, si kwa boksi.

Sentensi hiyo ya mwisho niliisikia siku ya kwanza kabisa. Niliiandika daftarini, kisha sikuitumia kwa wiki tatu.

## Swali la kitabu na uamuzi wa kwanza

Darasani tulifanya kama kitabu kinavyoelekeza. Chukua boksi lililofungwa pande zote, kitako chake mraba wenye upande x, ujazo V. Kimo ni V/x², na eneo la nyuso zote sita ni

S = 2x² + 4V/x

Kasi ya badiliko la S kwa x ni 4x − 4V/x². Ukiilinganisha na sifuri unapata x³ = V, yaani kimo kinalingana na upande wa kitako. Boksi bora ni mchemraba.

Pakiti moja ina ujazo wa sentimita za ujazo 720, kwa hiyo pakiti 24 ni 17,280. Mchemraba wa ujazo huo una upande wa karibu sentimita 25.9. Pakiti haziwezi kupangika hivyo kamili, ila mpangilio wa 3 kwa 4, tabaka mbili, ulitupa 24 kwa 24 kwa 30, ambao uko karibu sana. Eneo la nyuso lilishuka kutoka 4,344 za boksi la zamani hadi 4,032. Nafuu ya takriban asilimia 7.

Tukaamua kuagiza maboksi 30 ya majaribio kwa vipimo hivyo. Sababu zetu zilikuwa mbili: jibu lilitoka kwenye hesabu niliyoiamini, na mpangilio wa 24 kwa 24 uliwapendeza wanafunzi kwa macho. Hakuna aliyeuliza boksi linafungwa vipi. Mimi ndiye niliyepaswa kuuliza.

## Kwa fundi, Mwanjelwa

Tulikwenda Jumamosi asubuhi, wanafunzi watano na mimi, ukungu bado umekaa juu ya mlima Loleza. Fundi alikuwa ameshakata maboksi machache. Wanafunzi walimwamkia, naye akawaonyesha shiti moja: maboksi matatu yanatoka, na linabaki pande la karibu sentimita 38 kwa 105 lisilofaa kwa boksi jingine. Boksi la zamani lilikuwa linatoa mawili tu kwa shiti, kwa hiyo nafuu ilikuwepo, tena kubwa kuliko asilimia 7 tuliyoitabiri. Hapo wengine wangeshukuru na kuondoka.

Binti wa Mbozi hakuridhika. Hesabu ikitoa jibu zuri kuliko ilivyopaswa, alisema, bado imekosea. Alichukua boksi moja, akalifunga chini, akaingiza mkono ndani na kupapasa kitako. Kisha akaninyoshea boksi na mimi nikapapasa. Karatasi ilikuwa mbili, moja juu ya nyingine, kitako kizima.

Fundi akaweka kisu chini. "Mwalimu, hivi vifuniko viwili vya nje vinakutana katikati, ndivyo vinavyofunga. Hivi viwili vya ndani vinalala chini yake tu. Boksi likiwa na kitako cha mraba, vya ndani navyo vinakutana katikati. Umefunga mara mbili. Hiyo ya pili hamkuihesabu."

Akalifungua boksi lote, akalilaza sakafuni. Ilikuwa karatasi moja ya mstatili yenye mikato minane na alama za kukunjia, pamoja na ulimi wa sentimita 3 wa kuunganishia ubavu. Nimefundisha swali la boksi miaka mingi, na nilikuwa sijawahi kulilaza boksi halisi sakafuni mbele ya wanafunzi.

## Kuandika mlinganyo upya

Jumatatu tulianza upya, safari hii kutoka kwenye mstatili ule. Tuite urefu wa boksi u, upana p na kimo k, na upana ndio upande mfupi wa kitako. Mstatili una urefu wa kuzunguka mbavu zote nne, 2u + 2p (ulimi tukauweka kando kwanza). Upande wake wa pili ni kimo, pamoja na kifuniko cha juu na cha chini. Ili vifuniko vya nje vikutane katikati, kila kimoja lazima kiwe nusu ya upana, na fundi hukata vyote vinane kwa kina hichohicho. Basi upande wa pili ni k + p.

A = 2(u + p)(k + p)

Mwanafunzi mmoja wa kiti cha nyuma aliufungua mlinganyo ukawa 2(uk + up + pk + p²), kisha akauandika hivi:

A = S + 2p²

Darasa lilinyamaza kidogo. S ni eneo la nyuso sita, lile la kitabu. 2p² ni ile karatasi ya pili tuliyoipapasa Mwanjelwa, nusu yake juu na nusu yake chini. Kitabu hakikukosea. Kilikuwa kinahesabu boksi la bati lililochomelewa kingo kwa kingo, na sisi tulikuwa na boksi la kukunja.

Kutoka hapo kalkulasi ni ya hatua mbili. Kwanza shikilia p isibadilike. Kwa kuwa k = V/(up), nusu ya A ni V/p + up + V/u + p². Kasi ya badiliko kwa u ni p − V/u². Iweke sifuri, unapata V = u²p, na hiyo ina maana k = u: kimo kilingane na urefu. Sasa A inakuwa 2(u + p)², na kilichobaki ni kuifanya u + p iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, huku p = V/u². Kasi ya badiliko la u + V/u² ni 1 − 2V/u³, ikiwa sifuri u³ = 2V, na p inatoka nusu ya u.

Kwa hiyo boksi la kukunja halitaki kuwa mchemraba. Linataka urefu 2, upana 1, kimo 2. Kwa ujazo wetu hiyo ni takriban 32.6 kwa 16.3 kwa 32.6, na karatasi 4,774. Mchemraba wa ujazo huohuo, ukikatwa kwa vifuniko hivihivi, unakula 5,347. Tofauti ni karibu asilimia 11, na yote imetokana na kuuliza kifuniko kinakwenda wapi.

## Pakiti hazikatwi vipande

Hakuna namna ya kupanga pakiti za 8 kwa 6 kwa 15 zikajaza 32.6 kwa 16.3 kwa 32.6. Niliwapa wanafunzi kazi ya kuorodhesha kila mpangilio wa pakiti 24 zikiwa zimesimama. Kazi hii inachosha na haina kalkulasi ndani yake, lakini siijutii hata dakika moja. Mipangilio iliyokaribia ilikuwa hii, kabla ya kuongeza ulimi:

36 × 16 × 30: karatasi 4,784
32 × 18 × 30: karatasi 4,800
24 × 16 × 45: karatasi 4,880
24 × 24 × 30, chaguo letu la kwanza: karatasi 5,184
36 × 32 × 15, boksi la zamani: karatasi 6,392

Tazama mstari wa pili na wa nne. Boksi la 32 × 18 lina nyuso kubwa kuliko la 24 × 24 kwa sentimita za mraba 120, lakini karatasi inayopotea kwenye vifuniko vyake ni pungufu kwa 504. Kwa miaka yote nilikuwa natazama ile 120.

## Shiti ndilo lililoamua

Wanafunzi wengi walitaka 36 × 16 × 30. Ndilo la kwanza kwenye orodha, na mtoto aliyefundishwa kutafuta kidogo kabisa hawezi kukubali cha pili kirahisi. Niliwaomba wachore shiti la 105 kwa 200 kwa kipimo kidogo na kukata mistatili ya karatasi ya daftari.

Boksi la 36 × 16, pamoja na ulimi, linataka mstatili wa 107 kwa 46. Upana wa shiti ni 105. Kwa sababu ya sentimita 2 tu, mstatili lazima ulale kwa urefu wa shiti, na yanatoka maboksi mawili, basi. Boksi la 32 × 18 linataka 103 kwa 48. Linaingia kwa upana, na 48 mara nne ni 192, ndani ya 200. Yanatoka manne. La kwanza kwenye orodha lingegharimu mara mbili ya la pili.

Tulipompelekea fundi mchoro, aliongeza jambo ambalo hatukuwa nalo kabisa. Kwenye shiti zake mawimbi yanakwenda kwa urefu wa sentimita 200. Boksi la zamani, lenye mstatili wa 139 kwa 47, lilikuwa likikatwa kwa kulala, na mawimbi yakawa yamelala kwenye mbavu. Mawimbi yakisimama yanabeba kama nguzo, yakilala yanabonyea. Akina mama walikuwa wakilalamika kwamba maboksi yanayopandishwa kwenye basi pale kituo cha Nane Nane yanafika Dar es Salaam yamenywea chini ya mizigo, nao walidhani karatasi ni dhaifu. Karatasi ilikuwa imegeuzwa tu. Kwa 103 kwa 48 mawimbi yanasimama.

Uamuzi wa mwisho ukawa 32 × 18 × 30. Sentimita 2 zilizobaki upande wa 105 tulimwachia fundi kwa ajili ya unene wa karatasi kwenye mikunjo.

## Matokeo

Kwa oda ya maboksi 600, boksi la zamani lilihitaji shiti 300. Chaguo letu la kwanza lingehitaji 200. Boksi jipya linahitaji 150.

Lakini siwezi kuiacha 150 hapo, kwa sababu sio hesabu kamili. Tabaka la juu lina kilo 3, na pakiti za chini zilianza kukunjamana shingo. Ikabidi kuweka kipande bapa cha 32 kwa 18 kati ya tabaka mbili. Masalia ya shiti hayatoshi kukitoa: kinachobaki ni ukanda wa sentimita 8. Vipande 33 vinatoka kwenye shiti moja, kwa hiyo maboksi 600 yanataka shiti 19 zaidi. Jumla ni 169. Kutoka 300 hadi 169 bado ni nafuu kubwa, na ndiyo niliyoiandika ubaoni.

Jambo la pili lilitoka madukani. Boksi la zamani lilipofunguliwa, mwenye duka aliziona pakiti zote 24 kwa jicho moja. La jipya lilionyesha 12, na wawili walipiga simu kusema mzigo umepungua. Ndipo mama mdogo akatueleza kwamba boksi bapa walilichagua wenyewe, kwa sababu hiyohiyo, baada ya ugomvi wa hesabu na wateja miaka ya nyuma. Kumbe kulikuwa na sababu, na hatukuwauliza. Sasa kwenye kila kipande cha katikati wanaandika kwa kalamu nene: CHINI ZIKO 12.

## Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki halikuwa la kukokotoa. Wanafunzi hawakukosea hatua hata moja, na kwenye mtihani jibu la mchemraba lingepata alama zote. Kosa lilikuwa kwenye mstari wa kwanza, pale tulipoandika S bila kuuliza mstari huo unapima nini. Kwa kawaida darasani mstari huo hupewa nusu dakika, na dakika kumi zinazofuata huwa za kasi ya badiliko. Nimebadilisha mgawanyo huo. Siku hizi naleta boksi tupu, nalifungua, nalilaza sakafuni, na hakuna anayeshika kalamu mpaka tumekubaliana ni nini kinacholipiwa.

Kosa la pili ni langu na linaniuma zaidi. Watu wawili walikuwa na majibu tangu siku ya kwanza: fundi aliyejua shiti na mawimbi, na mama aliyejua kwa nini boksi ni bapa. Mmoja nilimwendea na vipimo vilivyokwisha kuamuliwa. Mwingine nilimuuliza ukubwa wa pakiti tu. Wiki tatu zingeokolewa kwa maswali mawili ya heshima.

Kilichofanya kazi ni ule ukaidi wa Binti wa Mbozi, kukataa nafuu ambayo hakuielewa. Maboksi matatu kwa shiti badala ya mawili yalikuwa yanatosha kumridhisha mtu yeyote, pamoja na mimi. Angekubali, tungebaki na mchemraba.

Kuna jambo moja la kihisabati ambalo napenda walimu wenzangu walitazame. Kwa nini tuliweza kuhama kutoka 32.6 kwa 16.3 kwa 32.6 hadi 32 kwa 18 kwa 30 na kupoteza karatasi kidogo mno, 26 tu kwenye 4,774? Kwa sababu mchoro wa A unapofika chini kabisa unakuwa tambarare. Mtu aliyeshuka kona za Matamba kuja Chimala anajua: huku juu hatua moja inakushusha sana, lakini ukishafika bonde la Usangu unaweza kutembea kutwa nzima bila kushuka wala kupanda. Kasi ya badiliko kuwa sifuri maana yake ni hiyo. Wanafunzi hujifunza kwamba sifuri inawaonyesha mahali pa kusimama. Inawaambia pia kwamba karibu na hapo wana uhuru wa kusogea. Shiti, kwa upande wake, halina utambarare: boksi la nne ama linaingia ama haliingii, na sentimita 2 zinatosha kukutoa manne hadi mawili. Pale ambapo kitu kimoja kinabadilika polepole na kingine kinaruka, unasogea kwenye kile cha polepole ili ukidhi kile kinachoruka. Tulilifanya hilo bila kujua jina lake, kwa mikasi na karatasi za daftari.

## Boksi la pakiti 12

Muhula uliofuata kikundi kiliomba boksi dogo, pakiti 12, kwa maduka ya vijijini. Safari hii wanafunzi walianza kwa kuchora shiti.

Kwa eneo la karatasi, bora ni 24 × 12 × 30, mstatili wa 75 kwa 42. Kwenye shiti yanatoka matano, na kati ya hayo manne mawimbi yamelala. Ukitaka yote yasimame yanatoka manne. Boksi la 32 × 18 × 15 linakula karatasi zaidi, 103 kwa 33, lakini kwa upana wa 105 yanapangika sita, yote yamesimama. Ni tabaka moja, kwa hiyo halihitaji kipande cha katikati, na mwenye duka akilifungua anaziona pakiti zote. Mawili yakipandanishwa yanakaa sawasawa juu ya boksi moja kubwa.

Mama mdogo alipolishika la kwanza, alilifungua, akahesabu kwa kidole mpaka 12, akalifunga. Akamwambia fundi akate shiti kumi.